Leso ya mke wangu na mbwa aliyestaafu mbio

Ukitaka kujua nani hajawahi kukaa na mbwa wa mbio, mwambie unataka kumchukua mmoja aliyestaafu. Mwenzangu wa kazini aliniambia nitafute shamba kwanza. Shemeji yangu akaapa kwamba mbwa aliyezoea kukimbiza sungura wa bandia hatabakisha mtoto. Mama, kwa simu kutoka Nakuru, alikuwa na swali moja tu: "Baba, kama amestaafu, pensheni yake inalipwa na nani?"

Mama peke yake ndiye aliyeuliza la maana. Anayelipa ni mimi.

Tunaishi Coventry, na bustani yetu ya nyuma inatosha kuegesha matatu mbili zikibanana. Hilo shamba sijalitafuta mpaka leo. Naandika haya Mzee, ndilo jina la mbwa wetu, akiwa amelala chali kwenye kochi, miguu yote minne hewani. Greihaundi, ndio hao mbwa wa mbio, ana nguvu za ghafla tu: mbio nyingi za hapa Uingereza ni kama mita 480, na chini ya nusu dakika zimekwisha. Muda mwingine wote yuko bandani amelala. Tunamtembeza kidogo asubuhi na kidogo jioni, na mvua ikinyesha anafika mlangoni, anaitazama, anageuka kurudi kochini.

Habari za fomu na ukaguzi wa nyumba sitaeleza, kila shirika linalowatafutia makao mbwa hawa lina utaratibu wake. Tulichangia pauni mia mbili na ushei, halafu nyingine nyingi zikaenda kwenye godoro, makoti na kusafishwa meno, maana meno ya mbwa hawa mara nyingi huja yameoza. Mzee alikuwa na miaka minne tulipomchukua. Ana alama zilizochanjwa kwenye masikio yote mawili, ndivyo wanavyowekewa waliozaliwa Ireland, na huko ndiko wanakotoka wengi wanaokimbia hapa.

Jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyenigusia ni ngazi. Mbwa aliyekulia bandani hajawahi kuziona! Mashine ya kufulia ilimtisha, mlango wa kioo aliugonga kwa pua, hayo yakapita. Ngazi ziligoma kupita. Usiku sisi tunapanda kulala, yeye anabaki chini akilia, kwa sababu maisha yake yote amelala karibu na mbwa wenzake. Jirani, mfugaji wa miaka mingi kwa maneno yake mwenyewe, akasema weka soseji kila ngazi, njaa itampandisha.

Nikapanga soseji. Mzee akaweka miguu ya mbele kwenye ngazi ya pili, akarefusha ile shingo yake, akala ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne bila mguu wa nyuma kuondoka sakafuni. Kisha akaganda. Mbele haendi, kurudi hajui, mapaja yanatetemeka. Nikambeba kumshusha, kilo thelathini na kitu, na zote naona ni miguu. Jirani akasema basi mvute kwa kamba. Nilimshukuru, nikafunga mlango.

Suluhisho lilitoka kabatini kwa mke wangu. Alichukua leso, yaani kanga, akaipitisha chini ya tumbo la Mzee, akashika ncha zote mbili kwa juu kama mpini, akasimama nyuma yake. Mimi nikakaa ubavuni, nahamisha mguu mmoja mmoja: mbele kulia, nyuma kushoto. Ngazi zetu ni za mbao na zinateleza, kwa hiyo nilikuwa nimeshabandika vipande vya kapeti kuukuu. Leso haikumbeba, ilimhakikishia tu kwamba haanguki. Kushuka ndiko kugumu zaidi, kwa hiyo tulimfundisha kwanza ngazi tatu za chini, jioni baada ya jioni, watoto wakimshangilia kama yuko uwanjani. Siku moja mke wangu akailegeza leso bila kusema. Mzee akapanda mpaka juu nayo ikiburuzika nyuma yake, akaingia chumbani kwetu, akalala upande wangu wa kitanda.

Kola ya kawaida usinunue. Shingo yao inakaribia upana wa kichwa, atarudi nyuma hatua moja na utabaki umeshika kola tupu. Chukua ile pana inayojikaza kidogo akivuta. Koti ni lazima, hawana mafuta mwilini na ngozi yao huchanika kwa kijiti tu. La Mzee ni jekundu, rangi anayovaa mbwa namba 1 mbioni, chaguo la watoto. Akilala hufumbua macho, msidanganyike: mwiteni jina kabla ya kumgusa, la sivyo atashtuka na kunguruma. Na kabla ya dawa ya usingizi, uliza daktari kama anawajua greihaundi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hukaa kwao muda mrefu kuliko kwa mbwa wengine.

Kuhusu paka bado tunapambana. Bustanini Mzee huvaa kizuia mdomo, na paka wa jirani ameshalijua hilo. Anakuja kuketi juu ya ua, mkia unaning'inia upande wetu, na mimi ndiye ninayetoka na malapa kwenye mvua kumrudisha mstaafu ndani.