TV ya shangazi: taa hazikuwa mbovu, zilikuwa zinaunguzwa

TV ya shangazi imevuka mfungo mzima wa Ramadhani, Idi imepita, na bado inawaka. Ni ileile ya inchi 32 iliyokuwa ikifungwa taa mpya (zile LED ndogo za nyuma ya kioo zinazomulika picha) inadumu wiki kadhaa, kisha siku moja sauti inaendelea huku kioo kimekuwa cheusi. Nimeihangaikia sana, na sasa nimejua kilichokuwa kinaiua. Naandika yote hapa kabla sijasahau vipimo.

Habari za kufungua mfuniko, kumulika tochi kwenye kioo ili uone picha iliyofifia, kutoa paneli bila kuchana zile tepe nyembamba za pembeni, hayo siyaelezi hapa. Swali langu lilikuwa moja tu: kwa nini taa mpya, zilizopimwa na zikawaka vizuri, ziungue tena ndani ya muda mfupi?

Ndani ya TV hii kuna stripu mbili, yaani vipande virefu vyembamba vya kubebea taa, kila moja ina taa sita za volti 6. Zote kumi na mbili zimeungwa mfululizo, umeme unaingia huku na kutokea kule, kwa hiyo zinahitaji karibu volti 72 kwa pamoja. Ni shanga kwenye uzi mmoja: ikikata moja, zote zimekwenda. Bodi nayo ikiona mkondo (kiasi cha umeme unaopita) haupo inapandisha volti, inapandisha, mpaka kinga yake inashtuka na kuzima. Ndiyo maana TV ya namna hii ukiiwasha unaona giza tu, na taarifa ya habari unaisikiliza kama redio.

Kwanza nilishuku stripu zenyewe. Sisi wa Tanga vipuri vya TV vingi tunaagiza Kariakoo, vinakuja kwa basi vimefungwa kwenye boksi refu, na si zote zilizo bora. Zipo zenye mgongo wa aluminiamu mpana, nzito mkononi, na zipo nyembamba ambazo ukizikunja kidogo zinabaki zimepinda. Nikafunga nyembamba, zikaungua. Nikaagiza nzito kwa muuzaji mwingine, kwa bei ya juu. Zilidumu zaidi, lakini nazo zikaungua. Hapo nikaacha kabisa kuwalaumu wauza stripu.

Kila mtu mtaani aliniambia ni umeme, unapanda na kushuka. Hilo kwa TV hii sikulikubali, na nina sababu. Sehemu ya kwanza ya bodi inapokea umeme wowote kati ya volti 100 na 240 na kutoa volti 24 zilizotulia. Nilizipima wakati frijishida ya jirani inawaka na taa za nyumba zinacheza. Zile 24 hazikutikisika. Umeme wa ghafla unaweza kuua pawa saplai nzima, ndiyo, lakini hauchagui taa za katikati ya stripu ya juu kila mara na kuacha vingine vyote salama.

Na hapo ndipo pa kuangalia: zilikuwa zinaungua za katikati, na stripu ya juu ikitangulia. Niling'oa lenzi, kile kifuniko cha plastiki angavu juu ya taa, kwa ukucha (gundi yake ilikuwa imeshakauka kwa joto, haikuhitaji nguvu). Chini yake ule mraba mdogo wa njano ulikuwa na doa la kahawia katikati, na plastiki nyeupe inayouzunguka ilikuwa na ufa. Taa ya LED nyeupe kwa asili yake ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Macho yetu yanachanganya hizo mbili na kuona nyeupe. Bluu yenyewe iliwatoa jasho wanasayansi kwa miaka mingi, na mwaka 2014 wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi hiyo. Ule unga wa njano ukiungua, bluu inabaki peke yake. Kwa hiyo TV yako ikianza kugeuka rangi ya zambarau, nyuso za watu zikawa za baridi, usikimbilie kurekebisha rangi kwenye rimoti. Taa zinakufa kwa joto.

Joto hilo linatoka wapi? Nikakata waya mmoja unaokwenda kwenye taa, nikaweka mita katikati yake upande wa ampia, nikawasha. Miliampia 450.

Nikazima, nikawasha tena, 450 ileile. Taa za aina hii huuzwa kama za wati 2. Gawanya wati 2 kwa volti 6 unapata kama miliampia 330. Yaani taa zilikuwa zinasukumwa zaidi ya theluthi moja juu ya uwezo wake tangu zinafungwa, ndani ya boksi lisilo na feni, kwenye ukuta wa sebule ya Tanga, ambako hata saa nne usiku mwili unanata. Na shangazi anaiwasha asubuhi, anaizima akienda kulala. Ingewezaje kudumu?

Maoni yangu ni kwamba TV hizi zinawekewa mkondo mkubwa ili zing'ae zikiwa zimepangwa dukani, chini ya mataa makali, karibu na TV nyingine zinazoshindana nazo. Mnunuzi anachagua ile inayong'aa kuliko zote. Nyumbani hatuhitaji mwanga wote huo, lakini ndio tunaoishi nao kila siku mpaka taa zife. Linaniudhi kweli, kwa sababu anayelipa ni mtu kama shangazi, na fundi anayebadilisha stripu bila kupima mkondo anamrudisha palepale.

Kuhusu rimoti, wengi wanapunguza "Brightness" wakidhani wamezipumzisha taa. Kwenye TV nyingi kipengele hicho kinabadilisha weusi wa picha tu, taa nyuma yake zinaendelea na moto uleule. Kinachopunguza taa ni "Backlight", na kwenye baadhi ya TV za bei nafuu kimefichwa ndani kabisa ya menyu au hakipo. Kikiwepo, kiteremshe hadi 50 au 60 leo hii, hata kama TV ni mpya. Ya shangazi haina. Ikabidi niingie kwenye bodi.

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko kote. Mkondo wa taa unapangwa na rezista ndogo (vipande vinavyozuia umeme, ukinzani wake hupimwa kwa omu) zilizolala pamoja, mguu mmoja kwenye ardhi ya bodi, yaani upande wa hasi. Aisii, ile chipu inayoendesha taa, inatazama volti iliyo juu ya rezista hizo na kuhakikisha haibadiliki. Ukiongeza omu, mkondo unashuka. Rahisi kusema. Shida ni kwamba kwenye bodi hii makundi ya rezista za namna hiyo yapo mawili, yanafanana, yanakaribiana, na yote yana omu ndogo. Kundi moja liko kwenye mguu wa mosfeti kubwa (swichi ya kielektroniki) inayopandisha volti kwa kutumia koili. Kazi yake ni kulinda koili isizidiwe. Kundi la pili ndilo linalopanga mkondo wa taa. Ukigusa la kwanza, taa zitacheza au kinga itashtuka, na utadhani umeua bodi. Mchoro wa bodi hii sikuupata popote.

Njia iliyonitoa ni hii. Bodi ikiwa haina umeme, weka mita kwenye mlio (inalia njia ikiwa imeungana), ncha moja kwenye pini ya taa ya upande wa hasi, pale waya unapochomekwa. Kisha fuata njia ya shaba. Kwangu ilipita chini ya gundi nyeupe, ikaibukia kwenye mosfeti ndogo ya pili, ile inayozima na kuwasha taa, na mguu wake mwingine ukaenda moja kwa moja kwenye rezista tatu zilizopangwa sambamba, kila moja imeandikwa 2R0. Omu 2 mara tatu sambamba ni omu 0.67. Nikawasha TV na kupima volti juu yake: 0.3, imetulia. Gawanya 0.3 kwa 0.67 unapata 0.45. Ampia 0.45! Namba ileile niliyoipima kwenye waya. Niliacha mita mezani nikatoka nje kupunga upepo, maana mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya dakika chache. Nimetoa rezista moja kati ya tatu. Zimebaki mbili, jumla omu 1, na mkondo sasa ni miliampia 300. Jumla ya umeme wa taa ilikuwa kama wati 32, sasa ni 21 hivi. Theluthi nzima ya joto imeondoka, na jicho halikuona tofauti yoyote ya maana, kwa sababu macho hayapimi mwanga kwa mstari ulionyooka. Stripu nimefunga zile nzito, nikapaka pesti ya joto nyuma yake ili joto lihamie kwenye bati, na lenzi nimezigandisha kwa gundi ya kuchanganya ya mirija miwili. Supaglu hapana. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye lenzi na baadaye unaona madoa kwenye picha.

Shangazi aliketi, akaangalia kipindi chake mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mbona naiona vilevile?" Hilo ndilo jibu nililotaka kusikia.

Neno kuhusu vifaa. Testa ya taa za TV ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote nilivyonunua. Inatoa volti za kutosha kuwasha stripu nzima lakini kwa mkondo mdogo sana, kwa hiyo haiunguzi kitu, na unaweza kupima taa mojamoja ukishatoa paneli. Vikombe vya kunyonya vya kubebea paneli sivitaki. Unyevu wa huku na vumbi vinafanya viachie bila kukuonya. Watu wawili, mikono minne, kitanda chenye shuka safi, basi. Mita ya bei nafuu inatosha kabisa, ila hakikisha fyuzi yake ya upande wa ampia ni nzima kabla hujailaumu bodi. Na ile kapasita kubwa ya pawa saplai, inayotunza umeme, iheshimuni sana: umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa unakuwa karibu volti 325 ndani yake, na bado zipo hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi naitoa umeme kwa balbu ya zamani ya waya wa ndani (si ya LED) ya wati 60 iliyofungwa nyaya mbili.

Nilikuwa nimepanga wiki hii kusugua kutu ya chumvi kwenye bati la nyuma na kubadilisha kapasita mbili zilizoanza kuvimba. Sijagusa. Rafiki yangu fundi ameniletea TV ya inchi 40 iliyopasuka kioo, ya kutupwa, na nilipotoa paneli nikawasha taa zake kwa testa, chumba kizima kikajaa mwanga laini usio na kivuli. Ubao mweupe wa kutawanya mwanga na karatasi zake zote ni nzima. Dada yangu anashona mabuibui usiku, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na balbu moja iliyo juu ya kichwa inamtupia kivuli cha mkono wake mwenyewe penye sindano. Kwa hiyo TV hii inakwenda darini juu ya cherehani yake.

Pawa saplai yake ni bodi ya peke yake, jambo lililonirahisishia. Pini za kuwasha, ile ya pawa na ile ya taa, nimezipa volti 5 za stendibai (zinazokuwepo hata TV ikiwa imezimwa kwa rimoti) kupitia rezista ya kilo-omu 1, zikakubali mara moja. Mkondo nimeshaupunguza, kwa njia ileile ya kufuata pini ya hasi. Kimebaki kitu kimoja. Pini ya kupunguza mwanga nimeilisha mapigo (umeme unaowaka na kuzima harakaharaka) ili dada aweze kuongeza na kupunguza, lakini akipiga video ya nguo kwa simu, mistari myeusi inatembea kwenye picha. Pini ikipewa volti moja kwa moja, mistari inatoweka, na mwanga unabaki wa kiwango kimoja. Nafikiria kuweka swichi ya hatua tatu kwenye rezista za mkondo zenyewe, mwanga mdogo, wa kati na mkubwa, bila mapigo kabisa. Swichi ninayo. Kesho naichomea.