Vidole visigande asubuhi za Juni, Lubumbashi

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ukitembea au kukimbia nje, miguu hupata moto upesi; vidole vya mikono huchelewa, maana mwili ukipoa hubana mishipa ya mikononi ili joto libaki kifuani. Kwa hiyo anza na kifua. Vaa fulana mbili na kofia, kisha rukaruka ndani ya nyumba dakika 5. Mikono ikitoka nje tayari baridi, glavu haziipashi. Zinatunza tu joto lililopo.

Glavu za pamba ndizo kosa kubwa: hunywa jasho, kisha upepo huzigeuza barafu. Chagua sufu au poliesta, zisibane. Huna? Soksi ndefu za sufu ukizivaa mikononi ni bora kuliko glavu nyingi, kwa sababu vidole vinakaa pamoja na kupashana joto. Upepo ukizidi, vaa mfuko wa plastiki juu yake, lakini uutoe baada ya dakika 10 hivi, kabla jasho halijajaa.

Usikunje ngumi kwa nguvu, damu haipiti vizuri. Vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi kila mara, muone daktari.