Sambaza za Kivu na ule mwezi mukubwa

Batu banaulizaka juu ya nini sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa Kivu, inapanda bei siku zingine hapa Bukavu, jibu ni mwezi. Muchana sambaza inakaa chini, usiku inapanda kufuata vidudu vya maji, na bavuvi banawasha taa ili ikusanyike pale kwenye mwangaza. Sasa mwezi ukiwa mukubwa taa haina nguvu tena, samaki zinatawanyika, bavuvi bengi banabaki nyumbani banashona nyavu.

Mie napenda sana kuangalia ile mitumbwi mitatu yenye banaunganisha na miti ya karatusi, inatoka jioni, mumoja anaanzisha wimbo bengine banaitikia na makasia yanaingia mu maji pamoja. Ile miti mirefu yenye inatokeza mbele na nyuma njo banafungiako kamba za wavu, banaushusha chini ya taa, banangoja, kisha banavuta bote mara moja kabisa, upande mumoja ukichelewa samaki zinatoroka.

Na mujue, sambaza haikukuwa ya Kivu! Ilitolewa mu ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, leo inalisha Bukavu na Goma.

Chenye kinaniuma ni bale banavua kando kando na supaneti (chandarua ya mbu), juu kule njo inazalia, banabeba hata totoo zake. Tafazali tusizinunue zile ndogo ndogo sana, hata kama mama muuzaji anapunguza bei. Ununue asubui, ikingaa na tumbo halijapasuka, kaanga na chumvi na pilipili, kula na kichwa chake.