Siku moja na ramani ya moto, upande wa Marangu

Watu wakisikia nipo kwenye timu ya moto Mlima Kilimanjaro, wanatarajia kuniona na koleo begani na masizi usoni. Koleo sina. Mimi ndiye "dada wa ramani". Kazi yangu ni kuchora moto ulipo leo na, kubwa zaidi, kuchora mahali tutakapokutana nao wiki ijayo na wiki ya baada yake, mpaka mvua za vuli zishike. Sehemu hiyo ya pili haieleweki hata kwa baadhi ya watu tunaolala nao kambi moja, ndiyo maana nimeamua kuisimulia siku moja ya Oktoba kama ilivyokwenda.

Saa 10:30 alfajiri

Setilaiti zinazobeba kihisi kiitwacho VIIRS hupita juu yetu mchana na usiku, mnamo saa saba na nusu. Data zake hufika kwenye mfumo wa FIRMS wa NASA baada ya kama saa tatu, kwa hiyo huu ndio wakati wangu wa kuamka. Blanketi likiwa bado mabegani nawasha kompyuta, naunganisha bando la simu, napakua vidoti vyekundu. Kila kidoti kinawakilisha mraba wenye upande wa mita 375, yaani karibu hekta 14. Hakisemi kwamba hekta zote hizo zinaungua. Kinasema kwamba humo ndani kuna joto la kutosha kuonekana kutoka angani, na mstari mwembamba tu wa moto unaweza kukiwasha. Naviweka juu ya vidoti vya jana: vimesogea kuelekea juu, na vile vilivyokuwa karibu na msitu vimepungua. Inawezekana moto umepungua kweli, inawezekana wingu limeuficha. Nasubiri redio.

Saa 12 asubuhi

Chai ya rangi, ndizi za jana, na taarifa ya askari wa hifadhi waliolala juu. Ukingo wa chini umetulia, ukingo wa juu unatembea. Hakuna anayeuhesabu ule wa chini kuwa umezimwa, maana huku moto huingia kwenye mizizi na mboji ukakaa siku kadhaa, kisha upepo ukauamsha.

Saa 1 hadi saa 4

Haya ndiyo masaa ninayoyapenda.

Mlima nimeugawa vyumba. Utaratibu huu tumeutoa kwa wazimamoto wa Marekani: unaacha mipaka ya wilaya na kata, unafuata mipaka ambayo moto wenyewe unaitii. Korongo lenye maji, jabali, barabara, eneo lililoungua karibuni. Unaviunganisha mpaka chumba kifungike. Kisha kila chumba unakiuliza: moto ukiingia humu utatokea wapi, utaharibu nini, na ni wapi mtu anaweza kusimama akafanya kazi na kurudi mzima.

Upande wetu mpaka ulio bora kuliko yote uko juu kabisa, ule uwanda wa mchanga na mawe kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, ambako hakuna cha kuungua. Mpaka unaonisumbua ni njia ya wapanda mlima yenyewe, kutoka kambi ya Mandara, mita 2,720, kwenda kambi ya Horombo, mita 3,720. Kwenye ramani ni mstari mzuri unaokata mteremko. Ukifika pale ni njia ya watu wawili kupishana, na sehemu nyingine vichaka vya erika vimeshaifunga juu. Ili isimamishe moto lazima ipanuliwe, na kuipanua kunataka mapanga, watu na siku kadhaa kabla moto haujafika. Kwa hiyo swali langu la asubuhi huwa ni hili: watu tulionao leo, siku ya Alhamisi wawe wapi?

Programu za kukadiria mwendo wa moto zipo, na nazitumia. Lakini msingi wake ni hesabu za mwaka 1972 za Rothermel, mtafiti wa moto wa Marekani, na aina za majani na miti zilizomo ni za Marekani. Erika yetu ina mafuta, na imening'inizwa ndevu za kuvumwani zilizokauka. Haifanani na kitu chochote kwenye orodha ile. Nasahihisha kwa historia. Picha za setilaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970, na setilaiti za Sentinel-2 hutupa picha mpya kila siku tano kama mawingu yataruhusu. Jani lenye afya hurudisha mwanga wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa macho, ardhi iliyoungua hung'aa kwenye infraredi ya mawimbi marefu kidogo. Ukilinganisha picha ya kabla na ya baada, kovu la moto linajichora lenyewe. Moto ule uliozuka tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukala takriban kilomita za mraba 95, kovu lake nalijua kona kwa kona. Palipoota nyasi tupu moto utapita mbio na kufa mapema. Paliporudi erika hadi kiunoni ni habari nyingine.

Mwishowe kila chumba kinapata rangi. Nyekundu: tunapambana kwa nguvu zote. Njano: tunausubiri kwenye mstari tulioutayarisha. Kijani: tunauangalia, hatupeleki mtu. Nyekundu yangu kubwa ni erika ndefu inayogusana na msitu, kwa sababu ile ndiyo inayokamata ukungu na kuudondosha chini ukawa maji. Maji hayo ndiyo yanayojaza mifongo, ile mifereji ya kumwagilia ya vihambani, na kuteremka hadi Mto Pangani. Kwa miongo kadhaa mioto ya kurudiarudia imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Nikiona kidoti kikikaribia hapo, tumbo linanikata.

Saa 4:15

Nilikuwa naandaa kuchapa nakala za viongozi wa vikosi. Msafara ukaingia. Mgeni sitamtaja, wala ofisi yake.

Alikuja moja kwa moja mezani, akaweka kidole kwenye kijani.

"Binti, hapa ndiyo mmeshazima?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hapo moto upo. Tumeamua tusipeleke watu."

"Mmeamua." Akawageukia aliokuja nao. "Moto unawaka, wao wameamua."

Nikaeleza. Chumba kile ni korongo lenye kuta kali. Wazimamoto wana kanuni kwamba mteremko ukiongezeka nyuzi 10, mwendo wa moto unakaribia kuongezeka mara mbili. Kuanzia kati ya asubuhi upepo wa mlima hupanda, nao moto hupanda nao. Ukiweka watu juu yake, njia yao ya kukimbilia ni kupanda, kwenye mita 3,600, mahali ambapo hata kutembea taratibu kunakata pumzi. Wengi wao ni vijana wa vijijini waliojitolea, wengine wamevaa kandambili, na silaha yao ni tawi bichi la kupigia moto. Na juu ya korongo lile ni mawe matupu. Moto ukifika pale umefika mwisho.

Simu yake ikaita katikati ya maelezo. Akatoka, akaongea, akarudi, akasema, "Enhe, tuanze." Nikaanza tena mwanzo.

Safari hii akatoa simu kunionyesha vidoti vyekundu alivyotumiwa na mtu. "Mlima wote unaungua, wewe unaniambia kuangalia." Nikaeleza habari ya mita 375. Akataka nimpe picha ya setilaiti ya sasa hivi. Nikasema picha nyingine itapatikana alasiri. Akataka asilimia iliyozimwa. Nikasema ukingo uliodhibitiwa naweza kumwonyesha kwa kidole, asilimia ingekuwa namba ya kupendeza tu. Akauliza utaisha lini.

Hilo lilikuwa swali zuri, na jibu nilikuwa nalo kwenye karatasi. Nilishinda nalo usiku. Moto wa namna hii mara nyingi humalizwa na mvua, binadamu tunauzuia tu usifike pabaya mpaka mvua ije. Kwa hiyo nilikuwa nimechora hali tatu kwa kufuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: vuli ikiwahi, moto utakuwa umeishia wapi, ikija kwa wakati wake, wapi, ikichelewa, vyumba vipi vitakuwa hatarini na tutahitaji watu wangapi, chakula kiasi gani, wapagazi wa kubeba maji. Ndiyo kazi yangu yote kwenye karatasi moja. Nikamkabidhi. Akaigeuza, akaandika namba ya simu ya mtu upande wa nyuma, akaikunja akaitia mfukoni.

Sikusema kitu. Koo lilinikaba.

Aliyezungumza ni kamanda wa kikosi, mtu wa maneno machache. "Mheshimiwa, watu nawapeleka mimi. Pale sipeleki." Zikafuata dakika ndefu za wananchi wataonaje, moshi unaonekana hadi Himo, waandishi wako njiani. Mwisho ikaamuliwa kwenye nakala ya waandishi kijani kiwe njano. Rangi nikabadilisha. Mistari haikuguswa, na korongoni hakuenda mtu. Hilo ndilo nililolihitaji.

Msafara ulipoondoka ilikuwa imekaribia saa 7 mchana. Kikosi cha pili kilikuwa kimeshapanda na ramani ya jana, na mabadiliko yote ikabidi niwasomee kwenye redio, alama kwa alama, upepo ukimeza nusu ya maneno, nao wakirudia na mimi nikirudia.

Mchana, na baada ya hapo

Jenereta ikaishiwa mafuta karatasi ikiwa nusu ndani ya printa. Tunachapa kwa sababu simu hufa kwa baridi kule juu, na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni haifi. Kijana wa bodaboda akatumwa petroli. Nikala wali wa baridi nikiwa nimesimama.

Mafuta yalipokuja, wagumu, ndivyo wapagazi wa mlima wanavyoitwa, walikuwa wameshuka kutoka Mandara, nikawaita wapitie ramani kabla sijaendelea. Nafanya hivi kila siku. Setilaiti haioni chini ya miti, wao wamepita. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya sufu, niliyemwamkia akaitikia bila kuinua macho kwenye ramani, akafuata kijito kimoja kwa ukucha.

"Mwanangu, hiki kimekauka tangu Agosti. Humu sasa ni majani makavu mpaka kule."

Kijito kile ndicho kilikuwa ukuta kati ya vyumba viwili. Bila maji, ni chumba kimoja kikubwa, na mstari wa kuusubiria moto inabidi urudi hadi korongo la pili, karibu zaidi na msitu kuliko nilivyotaka. Nikamshukuru kwa moyo wote. Halafu nikakaa chini kuvunja na kujenga upya: vyumba, rangi, njia za kutokea, hesabu ya watu. Macho yalikuwa yanawasha kwa moshi na kwa kioo. Data za alasiri zikaingia nikiwa sijamaliza. Sikumbuki vizuri kilichofuata kipi, nakumbuka tu mgongo, na mlio wa ile printa.

Giza lilipoingia tulikutana viongozi wote chini ya turubai. Kitu ninachojivunia zaidi siku ile kilipita hapo kwa dakika chache. Nilikuwa nimechora mistari mitatu ya tahadhari. Moto ukivuka mgongo huu, kikosi kinaanza kupanua njia saa ileile. Ukivuka huu wa pili, Horombo inaanza kuhamishwa. Ukivuka wa tatu, watu wote wa upande ule wanashuka, hakuna kusubiri simu ya mkubwa yeyote. Kamanda akasoma, akauliza kuhusu mwanya mmoja upande wa mashariki, nikauziba kwa kalamu, akasaini. Wengine wakasaini.

Mwenyekiti wa kijiji kimojawapo alibaki nyuma. Kijiji chake kinapakana na ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 wananchi wapate kuni. Alitaka nakala ya kubandika ofisini kwake. Nikamwuliza ya moto huu au ya vyumba. "Ya vyumba," akasema. "Nataka kujua mwakani, kiangazi hakijaanza, vijana wangu wasafishe wapi."

Tangu nianze kazi hii nilikuwa nangoja mtu aniulize swali hilo. Nilimwambia aje Jumamosi na watu wake wanaoyajua makorongo, hata warina asali, hao hasa. Karatasi kubwa nitaitafuta mjini.