Kuchagua breki ya mtutu kwa .223 yangu

Nimeifungia bunduki yangu ya .223 breki ya mtutu, yaani kifaa chenye matundu kinachokaa mdomoni mwa mtutu kupunguza teke na kuinuka kwake (namba hizi za bunduki ni upana wa risasi kwa inchi). Shemeji yangu ana bunduki ya .375 na bega la kuitosha, na ndiye aliyenicheka wa kwanza. "Shemeji, hiyo .223 yako hata mtoto haimpigi teke. Breki ya nini?"

Kwa upande wa teke kasema kweli. Bunduki ya bolti (ya kukokiwa kwa mkono kila risasi) kama hii niliyoachiwa na marehemu (leseni sasa iko kwa jina langu, msianze) inarudi nyuma kwa nguvu ambayo ni kama moja ya tano tu ya ile ya .30-06, risasi kubwa ya wawindaji. Bega langu halijawahi kulalamika. Ninachotaka mie ni kuona. Nikilenga bati la chuma la mita 200, risasi inafika chini ya theluthi moja ya sekunde, na ndani ya muda huo mtutu umeshainuka na darubini imeruka. Ninapoipata tena shabaha, kila kitu kimetulia. Sijui nimepita kushoto au juu. Breki nzuri huikalisha darubini pale pale, ukaiona risasi yako mwenyewe ikigonga.

Basi nilizipima breki zote kwa hilo. Breki hufanya kazi kwa gesi: baruti ikishaungua, gesi inayotoka nyuma ya risasi hugonga kuta za breki, ikageuzwa pembeni, na kule kuzigonga kuta ndiko kunakoivuta bunduki mbele. Swali la maana ni gesi hiyo unaielekeza wapi. Kuna breki zenye matundu mviringo, pande zote. Zinapendeza machoni, na huzifunga tu bila kuhangaika zimekaa vipi. Lakini mie hulenga nikiwa nimelala kifudifudi, kwenye udongo mwekundu wa Muheza, na kiangazi cha kaskazi udongo ule husubiri sababu tu ya kupaa. Tundu la chini likipuliza, unalala ndani ya wingu. Umenunua kifaa cha kukuonyesha, kikakupofusha!

Kwa hiyo nikachagua ya matundu ya ubavuni, mapana, chini imezibwa kabisa, na vitundu viwili vidogo juu vya kuukandamiza mtutu usiinuke. Ya aina hii lazima ikae sawa, kulia na kushoto usawa mmoja, la sivyo inaisukuma bunduki mshazari. Nyingine huletwa na washa za kupondeka, pete nyembamba zinazobonyea unapokaza. Yangu ina nati ya nyuma: unaizungusha breki mpaka ikae unavyotaka, kisha unaifunga kwa nati. Hiyo nati peke yake ingetosha kunishawishi.

Kuhusu thredi, yaani zile nyuzi za mwisho wa mtutu zinazoshika breki, usiamini macho. Za Kimarekani za .22 na .223 kwa kawaida ni nusu inchi, nyuzi 28 kwa inchi. Bunduki za CZ (kampuni ya Czech) za .22 ndogo ni nusu inchi ileile lakini nyuzi 20. Za Ulaya utakuta M14x1, yaani upana wa milimita 14 na milimita moja kati ya nyuzi. Ukilazimisha, unaua thredi za mtutu, na mtutu hauuzwi dukani Barabara ya Kwanza. Nilimpelekea mkerezaji apime kwa geji kabla sijaagiza chochote. Tundu la kutokea risasi nalo: risasi ya .223 ina kipenyo cha milimita 5.7, na tundu huzidi kwa nusu milimita au zaidi kidogo. Likibana, breki iliyokaa upande hata kidogo itaguswa na risasi. Breki ya .30 utaweza kuifunga kama thredi zinakubali, ila gesi nyingi itapita mbele kwa raha zake bila kufanya kazi.

Aluminiamu ni nyepesi, niliikataa. Gesi ya moto huila, na aluminiamu ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi kama yetu hapa Tanga, kutu yake ni ya kugandisha thredi. Nilichukua chuma cha pua. Na kabla ya kuagiza, nenda polisi ukaulize. Kifaa cha bunduki hakiingizwi nchini kama vitenge.

Sasa masikio, ambayo wauzaji huyataja kwa sauti ndogo. Bunduki hizi hata bila breki hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja unaweza kuumiza sikio. Breki hurudisha sehemu ya mshindo kwako na kwa aliye ubavuni. Mie huvaa vizibo ndani na vifuniko juu yake, vyote viwili. Shemeji alikuja kushuhudia, akasimama ubavuni kwangu, hakutaka vizibo kwa sababu ni ".223 tu". Baada ya risasi ya kwanza alihamia nyuma ya gari, na kutoka huko akaniuliza kwa kelele bati nimelipiga wapi. Chini kulia, nikamwambia, nimeliona.

Mahali risasi inapogonga palihama kidogo baada ya kufunga breki, ni kawaida, ukasawazisha darubini upya. Mtoto wa dada yangu sasa anataka ya .22 yake ndogo. Nimemkatalia: risasi ile ina baruti grein moja au mbili (grein ni kipimo kidogo sana cha uzito), na mpaka ifike mwisho wa mtutu mrefu gesi imeshachoka. Akanunue risasi za mazoezi.