Swali nililolikuta darasani baada ya miaka 14 wodini

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa 14 sasa, na 8 kati ya hiyo nimeifanyia hapa Uingereza. Nilipojiandikisha kusoma uzamili huku nikiendelea na kazi, niliamini nakwenda kuchukua cheti cha mambo ninayoyajua tayari. Leo nimo mwaka wa tatu, na nawaandikia wenzangu wa kazi hii mnaojiuliza kama inafaa kurudi darasani.

Ninaloweza kusema kuhusu utaratibu ni fupi. Shahada ya uzamili hapa ina krediti (vipimo vya kiasi cha masomo) 180, na sisi tulio kazini huigawa kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Kwa kawaida ukikwama kwenye 60 unaweza kutoka na astashahada ya uzamili, kwenye 120 stashahada, kwa hiyo jasho halipotei bure.

Kubwa ni hili. Wodini kwetu tunatumia sana dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Ni chombo kizuri, sikibezi. Lakini katika moduli ya tathmini tulisoma maswali ya Arthur Kleinman, daktari wa akili ambaye pia ni mwanaanthropolojia, na la kwanza lilinikaa kichwani: wewe mwenyewe tatizo lako unaliitaje?

Siku chache baadaye nilikuwa zamu ya usiku. Mzee mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) hakuwa analala. Dodoso nilishamjazia mara mbili, alama zikawa za chini. Saa nane usiku nikavuta kiti nikamuuliza swali lile. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu. Kisha akasema: "Deni." Ndugu yake alikufa wakiwa hawasemezani, na kila usiku alikuwa akilipa. Katika yale maswali 9 hakuna linalouliza deni. Nililiandika neno hilo kwenye faili kama alivyolitamka, na asubuhi timu nzima ikaanza kuzungumza naye habari nyingine kabisa, habari ya msiba.

Nilipolipeleka tukio hilo kwa msimamizi wangu wa kitaalamu, aliniuliza kwa upole: kwa nini hukumuuliza wiki ya kwanza? Nilitaka kujibu kwamba muda haukuwepo. Haikuwa kweli. Zamu yangu ni ya saa 12. Mkono wangu ulikuwa umezoea kujaza fomu haraka, na haraka ile nikawa naiita uzoefu. Iliniuma, na nashukuru iliniuma.

Mwajiri wangu wa awali aliniahidi kwa mdomo siku za masomo. Ratiba ya zamu ilipotoka, hazikuwemo, na insha mbili niliziandika wakati wa mapumziko, macho yakiwaka. Ombeni siku hizo kwa maandishi, kabla ya kusaini chochote. Tena, zipo wiki ambazo darasani mnajadili kujiua na wewe umetoka kwenye zamu ambayo jambo hilo limetokea, au limekaribia kutokea. Usijikaze. Mwambie mwalimu, omba kuahirisha kazi hiyo. Mimi niliomba nikapewa wiki mbili, na sikuulizwa mara ya pili.

Kwa sisi tunaofanya kazi kwa lugha ya kujifunza, swali lile lina uzito wa ziada. Tunajua mtu anavyopungua akilazimika kueleza maumivu yake kwa maneno ya wengine. Nadhani ndiyo maana nililielewa haraka.

Tasnifu yangu naianza mwezi ujao. Nitachunguza saa ya kwanza ya mgonjwa wodini: nani anamuuliza, anaulizwa nini, na majibu yake yanaandikwa kwa maneno ya nani.