Sindano ya jeli kwa mkojo unaovuja: nilivyojiandaa na nilivyorudi Mbeya

Nilikuwa navuja nikikohoa, nikicheka, nikijitwisha ndoo ya lita 20. Nikilala, kitanda kikavu. Zingatia hapo, kwa sababu fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, huvuja mchana na usiku hata umekaa kimya, nayo haitibiwi kwa jeli.

Kabla ya sindano nilifanya mazoezi miezi 3: unabana kama anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, mara 8, kutwa mara 3, na unawahi kubana kabla chafya haijatoka. Wengi hubana tumbo na matako. Weka mkono tumboni. Likikakamaa, umebana pasipotakiwa. Pia niliandika kwa siku 3 ninachokunywa na ninachokojoa, nikipima kwa kopo lenye alama za mililita. Siku moja haitoshi, maana baridi ya Julai huku kwetu inampeleka mtu chooni kila mara.

Mazoezi yalipunguza, hayakumaliza. Nikachagua jeli badala ya upasuaji wa kuwekewa utepe unaoshikilia njia ya mkojo.

Hupimwa mkojo kwanza. Ukiwa na UTI, unatibiwa hiyo kabla. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: unalala chali miguu imepandishwa, unapigwa ganzi pembeni ya tundu la mkojo, kamera nyembamba inaingia. Jeli ni maji asilimia 97.5, iliyobaki ni poliakrilamaidi. Inachomwa sehemu 3 au 4 kwenye ukuta wa njia ya mkojo, karibu nusu sentimita kabla ya kufika shingo ya kibofu, jumla mililita 1 hadi 2. Ukuta unavimba kama vijimto vinavyokutana katikati. Ukikojoa mkojo unapita, ila kikohozi hakiusukumi kirahisi.

Usikubali kuondoka hujakojoa. Mimi nilikojoa, nikapimwa kwa altrasaundi mkojo uliobaki. Ukigoma kutoka, unawekewa mpira mwembamba wa kutolea mkojo, namba 10 au 12, na unatolewa kibofu kikishakuwa kitupu. Mpira mnene ukiachwa ndani unaikandamiza jeli, inachukua umbo la mpira, na pesa yako imekwenda. Niliomba daktari aniandikie hayo kwenye karatasi, kwa sababu ukifika zahanati ya kijijini usiku umebanwa, muuguzi atachukua namba 16 iliyoko kwenye boksi. Hana kosa, ndiyo aliyo nayo.

Sikuchomewa Mbeya. Kurudi kwa basi kutoka Dar ni kutwa nzima, na ukibanwa kwenye kona za mlima Kitonga dereva hana pa kusimama. Nikalala Dar siku 2 nione mkojo unatoka vizuri. Kuwashwa wakati wa kukojoa na damu kidogo hutokea mwanzoni. Homa au mkojo kukataa kabisa, rudi hospitali palepale.

Sasa kikohozi kikali bado kinatoa tone moja mawili. Jeli huweza kuongezwa wiki 4 au zaidi zikipita. Sijaongeza, na mazoezi sijaacha.